Chapa ni Shahidi, si Hakimu

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Usia huu wa wahenga ni mwema, nasi tumejitahidi kuufuata. Lakini ipo siku ambayo jirani haachiwi nafasi ya kwenda shamba. Huitwa yeye mwenyewe, akaketishwa jamvini katikati ya wagomvi. Ndivyo yalivyotufika sisi baada ya kufariki mzee mmoja wa mtaa wetu, baharia wa zamani aliyefikisha umri wa miaka tisini na kitu, akaacha watoto watatu, nyumba moja ya mawe, minazi michache, na chombo kimoja cha maua kutoka Japani.

Nyumba na minazi havikuleta taabu. Mafungu ya mirathi yanajulikana, na sheikh aliyataja kabla ya kahawa kupoa. Fitina iliingia kupitia chombo cha maua. Dalali mmoja, ambaye jina lake hatulitaji, alikuja kutoa mkono wa rambirambi, akakiona chombo kile katika kidaka cha ukumbini. Siku ya pili alimwita kaka mkubwa faraghani, akamwambia kuwa hicho ni Satsuma cha miaka mia nne, na thamani yake ni nyumba mbili kama ile. Ila kwanza zilipwe gharama za uthibitisho. Kaka akakopa, akalipa. Siku ya tatu dalali yule yule alimwambia dada mtu kuwa hicho ni kigae tu, naye angekichukua kwa hisani yake, apunguze takataka nyumbani. Maneno hayo mawili yalipokutana jikoni, kila mmoja aliamini kuwa mwenzake ana njama. Tulipoitwa, ndugu watatu waliozaliwa na mama mmoja walikuwa hawasalimiani.

Tuliitwa kwa sababu wazee wanajua kuwa kwa miaka mingi tumekuwa na mapenzi ya kusoma habari za vyombo vya kauri. Mapenzi hayo yalianza tulipokuwa watoto wa chuoni, tukikariri Juzuu Amma huku macho yakipotelea kwenye sahani zilizojengewa ukutani. Kwa kuwa mkasa huu waweza kuifika nyumba yoyote, tumeonelea tuwaeleze wasomaji wetu jinsi tulivyokichunguza chombo kile.

Kwanza yafaa tukiri kuwa dalali hakuwa mjinga. Uongo wake ulikuwa umeshonewa kitambaa cha kweli. Ni kweli kwamba historia ya vyombo hivi inarejea nyuma miaka mia nne na zaidi. Kati ya mwaka 1592 na 1598 mtawala wa Japani, Toyotomi Hideyoshi, aliishambulia Korea mara mbili. Mabwana wa majimbo waliompigania walirudi na mateka, na miongoni mwa mateka hao walikuwamo wafinyanzi. Bwana wa Satsuma, wa ukoo wa Shimazu, aliwapeleka wake kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu. Bwana wa Hizen, wa ukoo wa Nabeshima, aliwaweka wake kaskazini ya kisiwa hicho hicho. Huko Hizen, katika mji wa Arita, mapokeo husema kuwa Mkorea mmoja aitwaye Yi Sam-pyeong aligundua udongo mweupe wa kauri katika mwaka 1616. Mwaka 2016 mji huo uliadhimisha miaka 400 ya kazi hiyo. Basi fahari hii ya Japani, tusisahau, ilianza kwa mikono ya watu waliotekwa na kupelekwa ugenini.

Kutoka Arita vyombo vilibebwa hadi bandari ya Imari, na wanunuzi wa ng'ambo wakaviita kwa jina la bandari. Hilo ni funzo la kwanza kwa anayetaka kuvijua: jina la sokoni si lazima liwe jina la pahali pa kuzaliwa. Vyombo vya Imari vya kawaida hujulikana kwa buluu iliyoiva, nyekundu ya matofali na dhahabu, vikajazwa nakshi hata pasibaki nafasi. Katika mji huo huo ukoo wa Kakiemon ulifuata njia nyingine: mwili mweupe kama maziwa, na maua machache tu, nafasi tupu ikiachwa ipumue. Kazi ya kupaka rangi za aina hiyo juu ya kauri iliyokwisha kuchomwa ilishika huko Arita katika miaka ya 1640.

Bahati ya Arita ilikuwa msiba wa Uchina. Dola ya Ming ilipoanguka mwaka 1644, vita vilivuruga biashara ya kauri za Kichina. Waholanzi, ambao tangu mwaka 1641 walikuwa wamefungiwa katika kijisiwa cha Dejima huko Nagasaki, wakageukia Japani. Mwaka 1659 kampuni yao iliagiza makumi ya maelfu ya vyombo kwa mkupuo, na sehemu kubwa ya shehena hiyo ilikusudiwa bandari ya Mokha katika Yemen. Wasomaji wetu wa pwani wanaijua njia hiyo. Bahari iliyoleta kahawa na tende ndiyo iliyoleta kauri, ijapokuwa nyingi ya zile zilizofika kwetu, katika vidaka vya Lamu na Pate na katika makaburi ya Kunduchi, ni za Kichina. Wachina nao waliporudi sokoni baada ya mwaka 1684, walianza kuwaiga Wajapani waliokuwa wakiwaiga wao, wakatengeneza Imari ya Kichina. Ulaya ikafuata. Kwa hiyo anayeona buluu, nyekundu na dhahabu akapiga kelele "Imari!" bado hajasema kitu.

Turudi kwa Satsuma, maana ndilo jina lililowagombanisha ndugu. Hapa ndipo kitambaa cha dalali kilipochanika. Vyombo vya Satsuma vya mwanzo vilikuwa aghalabu vya chai na vya matumizi ya nyumbani, vizito, vya rangi ya giza au vyeupe visivyo na makeke. Vile vya rangi ya pembe ya ndovu, vilivyojaa watawa, mabibi na maua ya dhahabu, havikutengenezwa kwa wingi hadi karne ya 19. Jimbo la Satsuma lilipeleka bidhaa zake katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1867, na serikali mpya ya Japani ikashiriki yale ya Vienna ya mwaka 1873. Wazungu wakapigwa na butwaa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Maagizo yalipofurika, karakana za Kyoto, Osaka na Yokohama zilianza kutengeneza "Satsuma" mbali kabisa na jimbo lenyewe. Nyingine zilikuwa kazi za ustadi wa ajabu: Yabu Meizan wa Osaka, mathalani, alipanga umati wa watu wadogo kama punje za mchele katika chombo kinachotosha kiganjani. Nyingine zilikuwa kazi za haraka, rangi nene juu ya rangi nene, ili kumridhisha mnunuzi asiyejua. Chombo kilichojaa dhahabu, basi, hakiwezi kuwa cha miaka ya 1600 kwa sababu tu jina la Satsuma lina umri huo.

Baada ya kuwaeleza ndugu wale mambo haya, tuliomba chombo kiletwe kwenye mkeka. Hatukukiweka mezani, maana chombo kinachochunguzwa na watu wenye hasira kinapaswa kuwa karibu na ardhi. Kwenye kitako chake dalali alikuwa amebandika karatasi yenye namba na muhuri. Kaka mkubwa akataka tuisome. Tukakataa. Tukamwambia kuwa katika mambo haya kitako husomwa mwisho, na kwamba kwanza tutahoji mwili.

Jambo la kwanza ni udongo. Kauri halisi, kama ya Arita, ikigongwa taratibu kwa ukucha hulia kama kengele, na ukingo wake mwembamba ukiinuliwa mbele ya taa hupitisha mwanga. Satsuma si kauri. Ni udongo laini zaidi, haulii sana wala haupitishi mwanga. Cha baharia wetu kililia kwa sauti fupi iliyokufa. Hilo halikukana jina la Satsuma.

Jambo la pili ni utando wa kioo unaokifunika chombo. Satsuma ina nyufa nyembamba mno katika utando huo, zilizosukwa kama utando wa buibui. Hizo si kasoro. Hutokana na udongo na kioo kunywea kwa kiasi tofauti vinapopoa. Lakini nyufa hizo huweza kutengenezwa leo asubuhi na zikatiwa chai jioni ili zionekane nzee. Mwenye macho hutazama kama uchafu umekaa kwa kufuata matumizi, mdomoni na kitakoni, au umeenea sawasawa kila mahali kama rangi ya mlango.

Jambo la tatu ni mkono wa mchoraji. Mstari uliochorwa kwa brashi huanza mnene ukaishia mwembamba, na jani la kulia halifanani kabisa na jani la kushoto. Tangu nusu ya pili ya karne ya 19 Wajapani walitumia pia karatasi za chapa kuhamishia nakshi kwenye chombo; ukitafuta vizuri utaona vitone vidogo vidogo, au mahali ambapo karatasi mbili zilikutana na ua likakatika. Chombo chetu kilikuwa na nyuso saba za watawa, na zote saba zilikuwa na nyusi zile zile. Tuliwapa ndugu watatu kioo cha kukuzia, wakatazama kwa zamu. Dada ndiye wa kwanza kusema, "Huyu na huyu ni mtu mmoja."

Jambo la nne ni dhahabu. Dhahabu iliyopakwa juu ya chombo huchakaa pale mikono inapoishika: mabegani, masikioni, ukingoni. Ikiwa imekwisha pale pasiposhikwa na imebaki pale panaposhikwa, kuna mtu aliyeisugua makusudi. Ya chombo chetu ilikuwa imechakaa kwa haki mabegani, maana marehemu alikuwa akikipangusa kila Ijumaa.

Jambo la tano ni majeraha. Pitisha kidole ukingoni. Palipojazwa na kupakwa upya huwa na ulaini wa tofauti. Tazama kitako kama kimetobolewa ili kiwe taa ya umeme, kwani tundu hilo hupunguza thamani kwa kiasi kikubwa. Wajapani wenyewe hawakuona haya kuunga kilichovunjika kwa lakari na vumbi la dhahabu, ufa ukaonekana waziwazi. Muuzaji anayeficha ufa ndiye wa kuogopwa kuliko ufa wenyewe.

Ndipo tukafika kwenye chapa. Kabla ya kuibandua karatasi tuliwasimulia wale ndugu kisa kimoja, ambacho ndicho sababu ya ukaidi wetu wa kuanza na mwili. Mwaka 1959 serikali ya Japani ilikitangaza chombo kimoja chenye umbo la chupa kuwa Mali Muhimu ya Utamaduni. Kilikuwa na maandishi ya mwaka wa pili wa zama za Einin, yaani mwaka 1294, na kilihesabiwa kuwa kazi ya kale ya mji wa Seto. Mtaalamu aliyekipendekeza, Koyama Fujio, alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa fani hiyo nchini mwake. Mwaka uliofuata mfinyanzi wa Seto, Kato Tokuro, akasema kuwa chombo hicho ni kazi ya mikono yake. Na wapo waliosema ni ya mwanawe. Kilipochunguzwa kwa mionzi na kulinganishwa na vigae vya kale, utando wake haukupatana na wa zama zile. Mwaka 1961 tangazo likafutwa. Koyama akaacha kazi yake serikalini, na Kato akajiondoa katika nyadhifa za umma. Taifa lenye sheria madhubuti ya kulinda mali za kale tangu mwaka 1950 lilidanganywa na mstari mmoja wa maandishi.

Funzo lake ni kwamba chapa ni shahidi, si hakimu. Nayo kama shahidi mwingine yeyote huulizwa: unasema nini, na unapatana na wenzako? Mafundi wa Arita waliandika mara nyingi jina la mfalme wa Kichina, Chenghua, aliyefariki zaidi ya miaka 100 kabla kauri ya Arita haijaanza. Hawakukusudia wizi, walifuata desturi ya kuheshimu kazi bora. Msalaba ndani ya duara ni alama ya ukoo wa Shimazu wa Satsuma, lakini karakana za mbali ziliutumia kana kwamba ni chumvi ya kila mchuzi. Neno Satsuma lenyewe, likiandikwa kwa herufi za Kizungu, aghalabu ni dalili ya upya.

Hata hivyo kuna chapa zinazosaidia kweli, kwa sababu zililazimishwa na sheria. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyotaka bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka. Kuanzia mwaka 1891 vyombo vya Japani vilivyokwenda huko vilipigwa chapa ya "Nippon". Mwaka 1921 wakuu wa forodha wa Marekani waliamua kuwa jina hilo ni la Kijapani na halifai, nalo likabadilishwa likawa "Japan". Kwa hiyo chombo chenye chapa ya kweli ya "Nippon" kwa kawaida huangukia kati ya miaka hiyo. Tunasema chapa ya kweli kwa sababu hata hiyo imeghushiwa.

Tukachovya kitambaa katika maji ya vuguvugu, tukakiweka juu ya karatasi ya dalali, tukangoja. Karatasi ikalegea. Chini yake yalitokea maneno mekundu ya Kiingereza, "Made in Occupied Japan". Kaka mdogo, ambaye ni mwalimu, akayafasiri kwa sauti ya chini: imetengenezwa katika Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni.

Japani ilishindwa vitani mwaka 1945, ikawa chini ya majeshi ya washindi hadi tarehe 28 Aprili, 1952. Katika miaka hiyo nyingi ya bidhaa zake za kuuzwa nje zilibeba maneno yale. Fikirini, ndugu wasomaji: mfinyanzi aliyerithi ufundi kwa vizazi kumi anamaliza kazi yake, kisha chini ya kitako anaandika, kwa lugha ya mtawala wake, kwamba nchi yake si yake. Wafinyanzi wa mwanzo walikuwa Wakorea waliotekwa na Wajapani. Wajukuu wa walioteka nao wakaja kuandika utumwa wao kitakoni. Historia hiyo nzima ilikuwa imekaa katika kidaka cha mtaani kwetu, ikipanguswa kila Ijumaa.

Dada akaondoka bila kusema neno, akarudi na picha kutoka sandukuni mwa marehemu. Kijana wa Kiswahili amesimama mbele ya pazia la studio, kofia ya baharia mkononi. Nyuma ya picha pameandikwa Kobe, 1951. Udongo, nakshi, dhahabu, chapa na picha, wote walisema neno moja. Chombo kile hakikuwa cha miaka mia nne wala hakikuwa takataka. Kilikuwa zawadi ambayo kijana wa miaka ishirini na kitu aliinunua kwa mshahara wake na kuivusha bahari bila kuivunja. Sokoni bei yake haitazidi ya mbuzi wawili.

Kutokana na mkasa huu tunapenda kuwausia wenye vyombo vya kale, na wanaotamani kuvikusanya, mambo machache. Msilipe gharama za uthibitisho kwa mtu anayetaka pia kununua. Anayepima na anayenunua hawawezi kuwa mtu mmoja. Msikisugue chombo chenye dhahabu. Kitambaa laini kikavu chatosha. Andikeni habari zake: nani alikinunua, wapi, lini. Mtawala wa Saxony huko Ujerumani, Augustus aliyeitwa Mwenye Nguvu, alikusanya maelfu ya kauri za Japani na Uchina katika mji wa Dresden. Orodha yake ilianza mwaka 1721, na namba zilizochongwa kwenye vyombo vyake zinawaongoza wajuzi hadi leo. Sisi hatuna majumba ya kifalme, lakini daftari la kurasa mia kila mtu aweza kulipata. Mwisho, anayekusanya asinunue kilichong'olewa kaburini au msikitini. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na matundu matupu katika nguzo za Kunduchi yanatosha kutuaibisha.

Ama wale ndugu watatu, tungependa kuandika kuwa wote walikumbatiana. Haikuwa hivyo. Kaka mdogo na dada walipatana usiku ule ule, wakakubaliana chombo kibaki kwa dada na thamani yake ikatwe katika fungu lake la minazi. Kaka mkubwa alitoka bila kuaga. Deni alilokopa kwa ajili ya uthibitisho bado linamkaba, na anapopita barazani kwetu hutazama upande wa pili, kwani ni rahisi kwake kuamini kuwa sisi tumehongwa kuliko kuamini kuwa yeye alidanganywa. Hatumlaumu. Fedha zikirudi, na tunamsaidia kuzidai kwa njia za haki, huenda na salamu zikarudi.

Chombo kimerudi katika kidaka chake, safari hii na picha ya Kobe pembeni. Kapu letu tumelitundika ukutani, tunangoja siku ya kwenda kuvuna.